Kupiga Ribiti Wawili Wawili: Mpigaji, Mkingaji na Bati Katikati

Ndege moja ya kivita aina ya B-24 ilikuwa na ribiti zaidi ya 300,000, yaani vipini vifupi vya chuma vyenye kichwa upande mmoja, vinavyobana mabati pamoja. Katika kiwanda cha Ford cha Willow Run, Michigan, ambako mwaka 1944 ilifika hatua ya kutoka B-24 moja kila saa, karibu theluthi ya wafanyakazi walikuwa wanawake, na wengi wao walifanya kazi wawili wawili. Mmoja alisimama nje ya bawa na bunduki ya hewa, yaani nyundo inayoendeshwa kwa presha ya hewa, mwingine amejikunja ndani ya bawa hilohilo, ameshika kipande cha chuma. Hawakuonana. Kati yao palikuwa na bati la aluminiamu lenye unene wa milimita moja hivi.

Haya ni maelezo ya kazi yao, hatua kwa hatua, kwa anayefufua ndege ya zamani na kwa anayetaka kujua jozi zile zilikuwa zikifanya nini hasa.

Mwenzako kwanza

Mwenye bunduki tumwite mpigaji, mwenye chuma tumwite mkingaji. Watu humsifu mpigaji kwa sababu ndiye mwenye kelele. Ukweli ni kwamba ribiti nzuri hutoka mkononi mwa mkingaji: ncha ya ribiti hubonyezwa kwenye chuma chake ikawa kichwa cha pili, yeye ndiye anayekiona kikiumbika, na yeye pekee anajua pigo linatosha au halitoshi. Mpigaji anafanya kazi kwa kuamini tu.

Kwa hiyo chagueni mtu ambaye mwendo wenu unalingana, si lazima nguvu. Mkingaji awe anayepenya mahali pembamba, awe na subira, na asiwe mtu wa kuona haya kusema “hii mbaya, itoe”. Badilishaneni nafasi baada ya muda, maana anayeshika bunduki bila kuwahi kukinga hajui mkono wa mwenzake unapokea nini.

Jozi ikizoeana, msiivunje ovyo. Wakati wa vita hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika, kwa kuwa mmoja akichelewa, wote wawili hawana kazi. Kuanzia Desemba 1942 petroli iligawiwa kwa kipimo Marekani nzima, na mwenye kadi ya A, ile ya chini kabisa, alipata galoni chache tu kwa wiki. Kupanda gari moja na mwenzako hakukuwa urafiki peke yake. Ndiyo njia iliyohakikisha mnafika pamoja.

Nywele zifungwe kwa kitambaa, ncha zote ndani. Mwaka 1943 mwigizaji Veronica Lake, aliyevuma kwa nywele zilizofunika jicho moja, alibadili mtindo kwa ombi la serikali, kwa sababu wanawake viwandani walimwiga na mashine hazijui mtindo. Pete vueni. Miwani ya kinga na vizibo vya masikio ni kwa wote wawili, na hasa mkingaji, ambaye kichwa chake kiko ndani ya ngoma.

Kuchagua ribiti

Kipenyo cha ribiti kiwe kama mara tatu ya unene wa bati nene kuliko yote. Tuseme mnaunga mabati mawili ya milimita 1 kila moja: mnahitaji ribiti ya milimita 3.2, yaani inchi 1/8. Urefu wa shina, yaani mwili wa ribiti bila kichwa, ni unene wote wa mabati pamoja na mara moja na nusu ya kipenyo. Hapa ni 2 + 4.8, jumla milimita 6.8. Shina likiwa fupi, kichwa cha pili kinakuwa kidogo na hakishiki. Likiwa refu, linalala upande badala ya kujibonyeza.

Tazama pia kichwa cha ribiti. Chenye kidimbwi kidogo katikati ni aloi laini, inapigwa kama ilivyo. Chenye mistari miwili iliyoinuka ni aloi ngumu, na hiyo ina mambo yake: huchomwa kwenye tanuri, huzamishwa majini ipoe ghafla, kisha huwekwa kwenye friji. Ikitoka kwenye baridi huanza kuwa ngumu tena, na una dakika 10 hadi 20 tu kuipiga. Chukueni chache chache. Ribiti iliyokaa mfukoni tangu asubuhi itapasuka kingo ukiipiga, na hakuna ufundi utakaoiokoa.

Kutoboa

Katikati ya shimo pawe mbali na ukingo wa bati angalau mara mbili ya kipenyo (milimita 6.4 kwa ribiti yetu), na shimo hadi shimo angalau mara tatu. Tumia biti (ncha ya drili) namba 30, ambayo hutoa shimo la milimita 3.26. Drili isimame wima kabisa.

Kila baada ya mashimo machache banisha mabati kwa kliko, vile vibanio vya springi vinavyoingizwa kwa koleo. Ukimaliza, tenganisha mabati, ondoa chenga zote za chuma zilizoachwa na drili, na lainisha midomo ya mashimo pande zote mbili kwa biti kubwa zaidi inayozungushwa kwa vidole. Mzunguko mmoja au miwili unatosha. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na chenga moja iliyobaki katikati inatosha kuacha mwanya ambao shina la ribiti litavimba ndani yake.

Kupiga

Chuma cha kukingia kwa ribiti ya 1/8 kiwe na uzito wa ratili 3 hadi 4. Uso wake uwe laini kama kioo, kwa sababu kila mkwaruzo utajichora kwenye kichwa cha pili. Kwa bunduki, chagua kikombe, kile kipande cha mbele kinachopiga, kinachokaa sawa juu ya kichwa cha ribiti, kisha funga springi inayokizuia. Bila springi hiyo kikombe huruka kama risasi. Kwa sababu hiyohiyo bunduki haijaribiwi hewani hata siku moja. Ijaribu kwenye gogo: anza na presha ya paundi 40 hivi kwa inchi mraba, halafu rekebisha.

Sasa fuateni mfuatano huu bila kuupindua. Mpigaji anaingiza ribiti, anaweka kikombe juu ya kichwa na kuegemea kiasi. Mkingaji anaweka chuma kwenye ncha ya shina, wima, na kusukuma kwa nguvu ndogo kuliko ya mpigaji. Akizidisha, ribiti inarudi nyuma na kichwa hakikai. Akiwa tayari anatoa ishara. Mpigaji anabonyeza triga kwa mkupuo mmoja, sekunde moja au mbili. Anaachia triga kwanza, ndipo chuma kinaondoka. Mpigaji akianza kabla ya chuma kufika, au mkingaji akiondoka mapema, bati linabonyea, na kibonyeo hicho hakifichiki.

Mapigo machache mazito ni bora kuliko mengi mepesi. Aluminiamu huwa ngumu kadiri inavyogongwa, na ribiti iliyodonolewa sekunde kumi hufika mwisho ikiwa na nyufa.

Kwa kuwa sauti haifiki ng’ambo, jozi huongea kwa kugonga. Kanuni iliyozoeleka ni hii: mkingaji akigonga mara moja, piga tena kidogo. Mara mbili, nzuri, twende inayofuata. Mara tatu, mbaya, itolewe. Hakuna mjadala juu ya mara tatu. Mpigaji anayebisha kwa sababu kichwa cha upande wake kinang’aa hajaelewa kazi.

Kukagua

Kichwa cha pili kiwe na upana wa mara 1.5 ya kipenyo na kimo cha nusu ya kipenyo: kwa ribiti yetu 4.8 na 1.6. Tengenezeni kipimo cha bati chenye tundu la 4.8, baada ya siku mbili mkono wa mkingaji utakuwa umekariri.

Kichwa kilicholala upande maana yake chuma kiliinama, mara nyingi mkono ulipochoka, kwa hiyo badilishaneni. Alama ya mwezi mchanga kwenye kichwa cha nje ni kosa la mpigaji: kikombe hakikukaa wima. Kichwa kipana na chembamba kama sarafu kimepigwa kupita kiasi. Mabati yakiachana, vibanio vilikuwa vichache au chenga zilibaki.

Kutoa ribiti mbaya

Toboa alama katikati ya kichwa kwa tindo yenye ncha. Kwa biti iliyo ndogo kwa saizi moja kuliko shina, chimba kina cha kichwa tu, usizidi. Ng’oa kichwa kwa kukiinamisha na pini iliyoingizwa humo. Mwenzako akiwa amekinga bati kwa nyuma kando ya shina, sukuma shina litoke kwa nyundo nyepesi.

Shimo likiwa limepanuka, mnaingia saizi inayofuata, inchi 5/32, karibu milimita 4, kwa biti namba 21. Lakini ribiti hiyo inadai karibu milimita 8 kutoka ukingoni, na nyinyi mliacha 6.4. Bati zima linaweza kukataliwa kwa ajili ya shimo moja. Basi mnapochora mstari wa kwanza, kabla drili haijawashwa, acheni 8.