Namna ya Kuchagua Shokapu za Gari la Kale la Michezo: Hatua kwa Hatua

Mwenye gari la kale la michezo anapotaka kubadilisha shokapu, swali la kwanza linalomjia huwa ni kampuni gani inayotengeneza shokapu bora, na la pili ni kama anunue zilizo ngumu zaidi. Kwa maoni yangu, maswali yote mawili yanakuja mapema mno. Shokapu haibebi uzito wa gari, kwani kazi hiyo ni ya springi. Yenyewe hupokea mwendo wa springi na kuugeuza kuwa joto ndani ya mafuta, ili gurudumu likishapita kwenye tuta litulie badala ya kuendelea kudunda. Kwa hiyo shokapu huchaguliwa kwa kufuata springi, nafasi iliyopo na matumizi ya gari, na vitu hivyo vitatu ni lazima vijulikane kabla fedha haijatoka mfukoni.

Hatua ya 1: Fahamu gari lako limeundwaje

Magari ya michezo ya miaka ya 1960 na 1970 hayakufuata muundo mmoja. MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, ina shokapu za mkono: kisanduku cha chuma chenye pistoni na mafuta, ambacho mkono wake huinuka na kushuka pamoja na gurudumu. Kwa mbele, mkono huo ndio pia mkono wa juu unaolishika gurudumu, kwa hiyo ukiitoa shokapu umeondoa sehemu ya mfumo mzima. Triumph TR6 ina shokapu za bomba mbele, yaani zile ndefu ambazo fimbo yake huingia na kutoka kwenye bomba, na za mkono nyuma. Jaguar E-Type ina shokapu nne nyuma, mbili kila upande, kila moja ikiwa ndani ya springi yake, na anayeagiza jozi moja tu ya nyuma atakuwa amefanya nusu ya kazi. Kwenye Datsun 240Z shokapu hukaa ndani ya bomba la strati, yaani nguzo inayolishika gurudumu, hivyo unachonunua ni kiini kinachotumbukizwa humo, na mafuta kidogo humiminwa kati ya kiini na bomba ili joto lipate njia ya kutoka. Porsche 911 za zamani nazo hazina springi za kuzunguka strati, kwa sababu uzito wao hubebwa na fimbo za chuma zinazojisokota.

Mwenye shokapu za mkono asikimbilie kuzing'oa. Zikifanyiwa ukarabati na mtu anayejua kazi, zikawekewa sili mpya (mipira inayozuia mafuta yasivuje) na mafuta mazito ya shokapu, hufanya kazi vizuri kabisa, na valvu zake zinaweza kubadilishwa ili ziwe ngumu kidogo. Ninachokipinga ni ile desturi ya kufunga shokapu za bomba zilizo ngumu nyuma na kuacha za mkono zilizochoka mbele. Gari la namna hiyo mkia wake huruka kwenye matuta huku pua ikiyumba.

Hatua ya 2: Hakikisha tatizo ni shokapu

Bushi (mipira ya kwenye viungo) zilizoliwa, boljointi (viungo vya tufe vya gurudumu) zenye mchezo, matairi yaliyokauka kwa umri na springi zilizolala huleta dalili ambazo watu huzihesabia shokapu. Pima urefu kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kisha linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa umeshuka, chunguza springi, maana shokapu ya mafuta matupu haina uwezo wa kuinua gari.

Unyevu mwembamba kwenye fimbo ya shokapu si kosa, kwani sili huhitaji mafuta kidogo ili ilainike. Mafuta yanayotiririka hadi chini ya kopo, yaani bomba la nje la shokapu, ndiyo ishara ya sili iliyokufa. Tairi lililolika kwa mabaka mabaka kuzunguka duara lake ni ushahidi mwingine mzuri. Lile jaribio la kuibonyeza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu mara linazodunda huonyesha shokapu iliyokufa kabisa, lakini shokapu iliyobakiza nusu ya uwezo wake inaweza kulipita bila shida, kwa hiyo usilitegemee peke yake.

Hatua ya 3: Amua springi na matumizi

Springi ikibonywa na kuachiwa bila shokapu, gari hudunda kwa mwendo wake wa asili, ambao kwa gari la barabarani kwa kawaida ni kati ya mara 1 na 1.5 kwa sekunde, na kwa gari gumu la michezo hukaribia mara 2. Kuna kiwango cha nguvu ya shokapu ambacho, kikifikiwa, gari hurudi mahali pake bila kupitiliza hata mara moja. Gari la starehe hupewa takriban robo ya kiwango hicho, gari la michezo la barabarani hukaribia asilimia 40, na gari la mashindano hufika asilimia 60 au 70. Ukivuka hapo barabarani, gurudumu halipati muda wa kufuata mabonde na huanza kuruka juu yake, na tairi lililo hewani halina mshiko wowote.

Hapa pana hesabu ambayo wauzaji wengi hawaigusi. Nguvu inayohitajika ya shokapu haipandi sawasawa na ugumu wa springi, bali kwa kipeuo cha pili cha nyongeza hiyo, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta nyongeza hiyo. Ukiweka springi ngumu kwa asilimia 30 zaidi, chukua 1.3, tafuta kipeuo chake cha pili, nawe utapata takriban 1.14. Shokapu inahitaji nyongeza ya asilimia 14 tu. Anayenunua springi ngumu kidogo kisha akafunga shokapu zenye nguvu maradufu anaharibu alichokuwa anakijenga. Kama springi ni za asili na gari ni la matembezi ya mwisho wa wiki, shokapu zenye kiwango cha kiwandani, au zilizozidi hapo kidogo, zinatosha. Lotus Elan imesifiwa tangu miaka ya 1960 kwa jinsi inavyoshika barabara, ilhali springi zake ni laini.

Hatua ya 4: Pima nafasi ya shokapu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami nashauri ipewe muda mwingi kuliko nyingine. Usikubali orodha ya muuzaji iwe kipimo chako pekee, kwa sababu gari lililoishi miaka 50 huenda limeshabadilishwa mara kadhaa. Hata viwandani urefu ulibadilika: MGB zilizowekewa bampa za mpira mwishoni mwa 1974, ili zitimize kanuni za Marekani, ziliinuliwa kwa karibu milimita 25.

Weka gari kwenye sakafu iliyo sawa, tangi likiwa na nusu ya mafuta na mtu mwenye uzito wako akiwa kwenye kiti cha dereva. Pima umbali kati ya tundu la juu na tundu la chini la shokapu. Andika namba hiyo, maana ndiyo urefu wa gari likiwa limetulia. Kisha liinue, liweke juu ya stendi imara, utoe springi kwa kifaa kinachofaa na ufungue fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya ekseli ili kila upande uende peke yake. Inua mkono wa chini unaolishika gurudumu kwa jeki polepole hadi mpira wa kikomo, unaolizuia gurudumu lisipande zaidi, ubanwe, pima tena umbali uleule, halafu shusha hadi mwisho na upime mara ya tatu.

Shokapu unayoitaka ni lazima ikibonywa hadi mwisho iwe fupi kuliko kipimo ulichopata mkono ukiwa juu kabisa. Isipokuwa hivyo, shokapu yenyewe itagonga kabla ya mpira wa kikomo, na itapasuka au itavunja mahali ilipofungwa. Kuhusu kipimo ulichopata mkono ukiwa chini kabisa, tafuta kwanza kujua ni nini kinacholizuia gurudumu lisishuke zaidi. Kwenye baadhi ya magari ni mkanda au kizuizi cha chuma, na kwenye mengine ni shokapu yenyewe, na hapo urefu wake ikifunguka ni lazima ulingane na wa asili.

Chukua mfano wa shokapu yenye milimita 250 ikibonywa hadi mwisho na 380 ikifunguka, inayokaa kwenye 320 gari likiwa limetulia. Inabakiwa na milimita 70 za kubonyea na 60 za kufunguka, mgawanyo ambao ni mzuri. Ukilishusha gari kwa milimita 30, na shokapu ikawa inasogea theluthi mbili ya mwendo wa gurudumu, utapoteza milimita 20 za kubonyea na kubakiwa na 50.

Uwiano huo wa theluthi mbili una athari nyingine kubwa zaidi. Nguvu ya shokapu inayofika kwenye gurudumu hupungua kwa mraba wa uwiano, kwa hiyo theluthi mbili hubaki sehemu 4 kati ya 9, chini ya nusu. Ndiyo maana shokapu ya gari jingine, hata ikiingia kwenye matundu yaleyale bila kulazimishwa, inaweza kuwa laini mno au ngumu mno kwa gari lako.

Hatua ya 5: Silinda mbili au silinda moja

Shokapu ya silinda mbili ina bomba la kazi ndani ya bomba la akiba, na hewa au gesi ya shinikizo dogo hukaa juu ya mafuta ya akiba. Ni nafuu, huenda kwa ulaini, na kopo lake likibonyea kidogo kwa jiwe haiharibiki mara moja. Udhaifu wake ni kwamba haifungwi kichwa chini, na ikifanyishwa kazi ngumu kwa muda mrefu mafuta huchanganyika na gesi, nguvu ikapungua.

Shokapu ya silinda moja, ambayo muundo wake ulitokana na kazi ya Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kusambazwa na Bilstein ya Ujerumani tangu miaka ya 1950, hutenganisha naitrojeni na mafuta kwa pistoni inayoelea. Hupoa haraka na hufungwa upande wowote. Lakini shinikizo lake ni kubwa, takriban baa 25, na fimbo yenye kipenyo cha milimita 14 husukumwa nje kwa nguvu inayokaribia kilo 39. Kwenye gari jepesi la kale hiyo inatosha kuinua bodi kwa kiasi unachokiona kwa macho, na springi laini huinuka zaidi. Kwa Porsche yenye fimbo za kujisokota urefu unaweza kurekebishwa, lakini kwenye gari ambalo springi yake haina marekebisho, silinda mbili mara nyingi ndilo chaguo langu.

Hatua ya 6: Zinazorekebishwa

Shokapu inayorekebishwa ina faida kwa mtu ambaye bado hajaamua springi zake. Shokapu nyekundu za kampuni ya Koni, kwa mfano, hubadilisha nguvu ya kufunguka tu, na nyingi hulazimu kutolewa garini, kubonywa hadi mwisho na kuzungushwa. Mtu asiyependa kazi hiyo atazifunga mara moja na kuzisahau, na kwake zisizorekebishwa zingetosha.

Hatua ya 7: Kufunga na kutafuta kiwango

Badilisha kwa jozi kwenye kila ekseli. Shokapu ya silinda mbili isimamishe wima na uisukume na kuivuta mara kadhaa hadi isikwame popote, ili hewa itoke kwenye mafuta. Usiishike fimbo kwa plaisi, kwani mkwaruzo mmoja huila sili. Boliti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utabaki umejisokota na utapasuka mapema.

Kama shokapu zako zinarekebishwa, anza na kiwango laini kabisa pande zote. Endesha barabara moja unayoifahamu, yenye kona na mabonde, kisha ongeza hatua moja mbele na nyuma hadi bodi iache kuelea baada ya tuta refu. Ukianza kuhisi kila kokoto kwenye usukani, rudi hatua moja na uache hapo. Baada ya kilomita mia chache, kaza tena nati zote na upime urefu wa bodi upya, kwa sababu bushi mpya hukaa na gari hushuka kidogo.