Kabla ya Kupiga MRI ya Tezi Dume: Mambo ya Kuweka Sawa Mapema

Swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku, itapigwa kabla ya kuchukua kinyama (kipande kidogo cha tezi kinachotolewa kwa sindano ili kipimwe saratani) au baada yake? Kwa miaka mingi, mwanaume ambaye PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) imepanda alipelekwa moja kwa moja kwenye sindano, naye mchomaji aligawa tezi maeneo na kuchoma bila kujua uvimbe umekaa wapi. Utafiti wa PRECISION, uliochapishwa mwaka 2018, uliwahusisha wanaume 500. Miongoni mwa waliotangulizwa MRI, wakachomwa pale tu picha ilipoonyesha doa la kutiliwa shaka, saratani ya kushughulikiwa ilipatikana kwa asilimia 38; kwa waliochomwa kwa njia ya zamani, asilimia 26. Zile saratani ndogo zisizo na haraka, ambazo huwaachia watu hofu kubwa kuliko madhara, zilikuwa asilimia 9 dhidi ya 22. Kwa hiyo kama nafasi ipo, picha itangulie.

Kama kinyama kimeshachukuliwa, usikimbilie mashine. Sindano huacha damu ndani ya tezi, na damu hiyo inaweza kufunika ugonjwa au kujifanya ugonjwa. Kwa kawaida husubiriwa wiki 6 au zaidi, isipokuwa daktari awe na sababu ya kuharakisha. Maambukizi ya tezi nayo hupandisha PSA na kuacha alama zinazofanana na saratani, basi mwambie daktari ukiwa na homa au maumivu ya kukojoa.

Fomu ya maswali utakayojaza kabla ya kipimo ichukulie kwa uzito wote. MRI haina mionzi kama eksirei, lakini sumaku yake huvuta muda wote, hata wakati hakuna picha inayopigwa. Taja betri ya moyo, klipu kwenye mishipa ya ubongo, kifaa cha usikivu kilichopandikizwa, risasi au kipande cha bomu mwilini. Aliyewahi kuchomelea au kusaga vyuma aseme, hata kama ni zamani sana, maana chembe ya chuma iliyobaki jichoni inaweza kusogea na kuliumiza jicho. Betri nyingi za moyo za siku hizi zinaruhusiwa kwa masharti. Kadi ya kifaa ndiyo itakayoamua, kwa hiyo njoo nayo. Nyonga bandia mara nyingi haizuii kipimo, ila huvuruga picha zinazopima jinsi maji yanavyotembea kwenye nyama ya tezi. Hizo ndizo zinazotegemewa zaidi katika ukanda wa pembeni, ambako saratani nyingi huanzia.

Gesi na kinyesi huharibu picha hizohizo, kwa kuwa puru imegusana na tezi. Nenda haja kubwa kabla ya kuingia, na ukojoe pia. Vituo vingine hutoa dawa ya kusafisha utumbo. Usijipe mwenyewe bila kuelekezwa. Vingine huchoma sindano ya kutuliza utumbo, na hapo mwenye presha ya macho au ugonjwa wa moyo lazima aseme. Unaweza pia kuambiwa usitoe shahawa kwa siku 3. Wataalamu hawakubaliani juu ya faida yake, lakini ukiambiwa, fuata.

Uliza kama utawekewa mshipani gadoliniamu, dawa ya kufanya picha ionekane vizuri zaidi, maana si kila kituo huitumia. Kama ndiyo, eleza hali ya figo zako na mzio wowote uliowahi kupata. Ndani ya mashine ni pembamba, kuna kelele nyingi, na utalala bila kujisogeza kwa takriban dakika 30 hadi 45. Kama hofu ya kufungiwa inakushika, sema siku unapopanga miadi. Ukipewa dawa ya kukutuliza, uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Beba majibu ya PSA yote yenye tarehe, na orodha ya dawa. Finasteridi, dawa ya kupunguza tezi iliyokua, ikitumiwa kwa miezi kadhaa hushusha PSA hadi karibu nusu, na asiyejua hilo atasoma namba kimakosa. MRI hupima pia ukubwa wa tezi, na PSA hugawanywa kwa ukubwa huo: PSA ya 6 kwenye tezi ya mililita 60 inatoa 0.10, lakini kwenye tezi ya mililita 30 inatoa 0.20, na kuanzia 0.15 wengi huongeza shaka.

Ripoti itakuja na alama ya PI-RADS, kipimo cha shaka ya saratani kwenye picha, 1 hadi 5. Moja na mbili, saratani kubwa haitarajiwi. Tatu ni katikati. Nne na tano, kinyama huhitajika. Hata tano bado si jibu la saratani, na picha safi haimwachii huru mwenye PSA inayoendelea kupanda. Omba picha zenyewe kwenye diski, kwa sababu atakayelenga sindano anahitaji kuliona doa, na karatasi ya maelezo peke yake haitamtosha.