Namna ya kutengeneza kasha la mpingo na mninga kwa chupa ya wiski adimu

Mkusanyaji wa wiski adimu huweza kuitunza chupa kwa miaka mingi bila kuifungua, kwa hiyo kasha lake halina budi kudumu kuliko sanduku la zawadi. Sisi mafundi wa Mtwara tuko karibu na mpingo na mninga, mbao mbili zinazofaa mno kwa kazi hii, lakini tunazifanyia kazi katika hewa nzito ya pwani. Ubao uliozoea hewa hiyo hunywea ukifika kwenye chumba kikavu cha Ulaya, na ukiwa umebanwa kwa gundi pande zote, hupasuka.

Hatua ya kwanza ni kupata mbao halali. Nunua kwa mwenye kibali cha uvunaji na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na uzitunze nakala. Baadhi ya misitu ya vijiji wilayani Kilwa, mkoani Lindi, ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, na mteja wa nje huthamini sana mpingo wenye asili ya namna hiyo.

Hatua ya pili ni kukausha, na hapa naomba usiwe na haraka hata kidogo. Pasua vipande vikubwa kidogo kuliko vipimo vya mwisho, paka nta kwenye ncha zake, kisha vipange kivulini ukivitenganisha kwa fito ili upepo wa kusi upite katikati. Mpingo hukauka polepole sana na huanza kupasuka nchani. Pima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki: uzito ukiacha kupungua, ubao umelingana na hewa ya hapa, nao bado una unyevu mno kwa safari. Uhamishie kwenye chumba chenye kiyoyozi, uendelee kupima mpaka uzito utulie tena.

Hatua ya tatu ni kuchora kasha kwa kuifuata chupa yenyewe. Wiski huhifadhiwa ikiwa imesimama, kwa sababu kileo chake, ambacho kwa wiski ya Uskoti hakipungui asilimia 40, huharibu kizibo cha koki (gamba jepesi la mti) kikilowa muda mrefu. Kwa hiyo kasha lisimame, mlango uwe mbele, na chupa ishikwe kitakoni na shingoni tu, bila kitu chochote kugusa lebo.

Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mti wake ni mdogo na uliopinda, hivyo mbao pana hazipatikani kwa urahisi. Utumie kwenye kitako, ili kasha lisipinduke, na kwenye fremu. Mninga, usiocheza sana, uwe paneli. Chimba mfereji ndani ya fremu, ingiza paneli bila gundi, na uache nafasi ya milimita 2 kila upande ili ubao upate pa kutanukia.

Piga msasa vipande vya mpingo na vya mninga kila kimoja peke yake kabla ya kuunga. Vumbi jeusi la mpingo huingia kwenye vinyweleo vya mninga na kuacha madoa ambayo kitambaa hakiyatoi. Vaa barakoa, kwa kuwa vumbi hilo huwasha. Mpingo una mafuta, kwa hiyo futa sehemu za kuungia kwa asetoni, kisha paka gundi ya epoksi mara tu inapokauka. Kabla gundi haijashika, pima fremu kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vikilingana, pembe ziko sawa.

Umaliziaji wa mpingo ni msasa laini hadi namba 1000 na nta ya nyuki. Vanishi huuficha weusi wake bila sababu. Mninga upake vanishi nyembamba, nje tu. Ndani weka mahameli kwa gundi ya maji, uache mlango wazi mpaka harufu iishe kabisa.

Jamii ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kabla ya kusafirisha kasha nje ya nchi uliza TFS ni hati gani zinahitajika. Ndani ya kifurushi weka maelezo kwamba kasha likae tupu chumbani kwa mteja kwa wiki kadhaa, mlango ukiwa wazi, kabla ya chupa kuwekwa.