Namna ya Kuonyesha Filamu Mbovu Inayomhusu Mwanamapinduzi na Kuijadili na Vijana

Mwalimu wa historia au mlezi wa vijana hapa Mtwara na Lindi anayetaka kutumia filamu kufundisha habari za ukombozi, kwa kawaida hutafuta filamu iliyosifiwa sana. Mimi nashauri aanze na iliyokosolewa. Filamu nzuri huwafunga watazamaji midomo, wakatoka wakiwa wameridhika na kila walichoonyeshwa, ilhali filamu mbovu huwapa nafasi ya kuuliza. Katika maonyesho yetu tumetumia filamu ya mwaka 1969 iitwayo Che!, iliyoongozwa na Richard Fleischer, ambamo Omar Sharif, mwigizaji wa Misri, alicheza nafasi ya Ernesto Che Guevara, Mwajentina aliyepigana katika mapinduzi ya Kuba, na Jack Palance akacheza nafasi ya Fidel Castro, kiongozi wa mapinduzi hayo. Mwaka 1978 kitabu kimoja cha Marekani kiliiweka miongoni mwa filamu 50 mbovu kuliko zote. Maelezo haya yanaihusu filamu hiyo, ingawa yanafaa pia kwa nyingine za aina yake.

Kwanza, itazame peke yako mara mbili. Mara ya kwanza uitazame kama mtu aliyelipa kiingilio, na mara ya pili ukiwa na kalamu mkononi, uandike dakika ya kila tukio unalotaka kulisimamisha. Asiyefanya hivyo atajikuta akibabaisha mbele ya vijana wa kidato cha nne, na hao hawana huruma. Ikiwa onyesho ni la hadhara, nje ya darasa, mwone mapema Afisa Utamaduni wa wilaya akueleze utaratibu wa kibali, kwa kuwa maonyesho ya filamu kwa umma yako chini ya Bodi ya Filamu.

Pili, chagua wakati. Kuanzia Oktoba watu wengi wako kwenye mikorosho, kisha hugeukia minada, na hata kijana anayependa filamu atakuwa anaokota korosho za nyumbani kwao. Juni hadi Agosti ni bora. Mchana ukumbi wa bati huwa tanuri, na mwanga unaopenya huifuta picha ukutani. Anzeni baada ya swala ya isha. Filamu ina takriban saa moja na nusu, na mjadala utachukua muda kama huo au zaidi, kwa hiyo jenereta iwe na mafuta ya kutosha na wasichana wapangiwe watu wa kuwasindikiza.

Jambo la mkalimani linahitaji uangalifu kuliko projekta. Watazamaji wetu wamezoea kibanda umiza, ambako mtu mwenye kipaza sauti huieleza filamu kwa Kiswahili na kuongeza chumvi zake. Mara ya kwanza sisi tulimwachia mkalimani hodari uhuru wote. Alimfanya Castro azungumze kwa lafudhi ya Kimakonde na kulalamikia bei ya korosho, ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na sehemu nzima ya mabishano ya viongozi wale wawili ikapotea. Siku hizi nampa mkalimani karatasi yenye maneno ya matukio sita muhimu ayaseme kama yalivyo, na kwingine kote ana ruhusa ya kuchekesha.

Kabla ya kuwasha, kila kijana agawe ukurasa wa daftari sehemu tatu: nilichokiona, anayekisema ni nani, na kinathibitishwa na nini. Sehemu ya pili ndiyo yenye kazi. Filamu hii ina mtindo wa kuwasimamisha watu mbele ya kamera wakamzungumzia Che kana kwamba wanahojiwa na mwandishi wa habari. Kijana aliyezoea taarifa ya habari huamini papo hapo kuwa hao ni mashahidi. Simamisha picha kwa mtu wa kwanza kabisa wa aina hiyo, uulize: huyu ni shahidi au ni mwigizaji aliyepewa maneno ya kusema? Nimeona darasa zima likinyamaza kwa swali hilo, kisha mmoja akafuta alichoandika.

Baada ya filamu, tenganisha aina mbili za ubovu, maana vijana huzichanganya. Kuna ubovu wa usanii: maneno yanayosikika kama hotuba za kukariri, na watu wanaojieleza badala ya kuishi. Huo wataueleza wenyewe kwa dakika kumi, na wala usiwazuie. Kwamba Mmisri amemwigiza Mwajentina si kosa. Kuigiza ndiyo kazi yake. Ubovu wa pili ni wa historia, nao haumalizwi kwa kicheko. Hapo waambie wapange matukio ya filamu kwa miaka, kisha wayalinganishe na miaka inayojulikana: boti ya Granma, iliyowabeba Castro, Che na wapiganaji wenzao, ilifika Kuba Desemba 1956 ikiwa na watu 82, serikali ya Batista, dikteta wa Kuba, ilianguka Januari 1959, Che aliuawa La Higuera, Bolivia, tarehe 9 Oktoba 1967. Filamu ilitoka mwaka 1969, yaani hata miaka miwili haijatimia tangu kifo chake. Waulize watu wangapi waliomjua wangekuwa tayari kusema ukweli mapema kiasi hicho, na nani angewasikiliza huko Hollywood wakati Marekani na Kuba hazina hata balozi.

Sasa walete nyumbani. Ni wachache wanaojua kuwa mwaka 1965 Che alipita Dar es Salaam na Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika Aprili ya mwaka huo kwenda kupigana Kongo, na kwamba huko jina lake la siri lilikuwa Tatu. Wakuba walijipa majina ya hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili. Novemba walirudi Kigoma wakiwa wameshindwa, na Che akajificha katika ubalozi wa Kuba jijini Dar es Salaam, akiandika habari za kushindwa huko bila kujipendelea. Hata filamu ndefu ya sehemu mbili ya mwaka 2008, ambayo mwigizaji wake Benicio del Toro alipewa tuzo ya uigizaji bora huko Cannes, ilionyesha Kuba na Bolivia, ikairuka miezi ya Kongo. Waulize vijana kwa nini kipande chenye Kiswahili ndicho kinachorukwa. Majibu yatatofautiana, mengine yatakuwa na hasira, nawe usiyapoze haraka.

Tukio la kusimamisha kwa muda mrefu kuliko yote liko karibu na mwisho. Che amekamatwa, na mzee mchunga mbuzi analetwa mbele yake. Vijana hutarajia mzee amlilie mkombozi wake, kumbe analalamika kwamba tangu watu hao waje na bunduki zao, mbuzi wake hawatoi maziwa. Wahakiki wengi waliona tukio hilo limepachikwa ili kuyadhalilisha mapinduzi, na kwa kiasi kikubwa nakubaliana nao. Lakini tulipoionyesha katika kijiji kimoja cha Newala, alikuwepo bibi aliyevuka Ruvuma akiwa mtoto, vita vya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na Wareno vilipopamba moto. Vijana walikuwa wanacheka. Yeye akasema taratibu, “Wajukuu zangu, huyo mzee msimcheke. Sisi tuliacha kuku, tukaacha mihogo shambani, na tuliwapenda wapiganaji vilevile.” Hakuna swali langu lililowahi kuufungua mjadala kama maneno hayo, kwa sababu bibi alisema jambo ambalo mwandishi wa filamu hakuliweza: mtu kupoteza mali yake kwa ajili ya vita na bado kuviunga mkono.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni kuwatuma vijana kwa wazee. Mkoa wa Lindi una Nachingwea, ambako FRELIMO ilikuwa na kambi ya mafunzo iliyoongozwa na Samora Machel kabla hajawa rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975. Na Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wamezikwa wanajeshi wa Tanzania waliofia Msumbiji. Mashahidi wa kweli bado wapo, ila wanapungua. Waende wawili wawili, watoe shikamoo, wakae, wanywe wanachopewa, na simu ya kurekodia isitolewe mpaka mzee akubali. Wasiulize “Samora alikuwa mtu wa namna gani?”, kwa kuwa watajibiwa sifa za mkutano wa hadhara. Waulize wapiganaji walinunua nini sokoni, walilipa kwa pesa gani, walizungumza lugha gani na wenyeji, na nani katika familia hakuwapenda. Warudi na maelezo hayo katika daftari lilelile, sehemu ya tatu, pale ambapo usiku wa filamu wengi waliacha mistari mitupu.