Udongo wa Kupandia Nyumbani Lamu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Masika

Mtu wa Lamu anayetaka kupanda nyanya, pilipili, mchicha au mdimu uani mwake hukutana na ushauri mwingi uliotolewa kwa ajili ya mashamba ya mbali, na mara nyingi ushauri huo humtaka atie chokaa na majivu ili udongo upungue ukali. Katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, ambako mvua za miaka mingi zimeosha madini na kuiacha ardhi na tindikali, maneno hayo yana msingi. Kisiwani mambo ni kinyume chake, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi tunayoikanyaga imekaa juu ya mawe ya matumbawe au imechanganyika na mchanga wa pwani wenye vipande vya makombe, hivyo chokaa imo tayari, tena kwa wingi, na chumvi ya bahari haiko mbali. Anayetafuta udongo hapa aanze kwa kuuliza una chumvi na chokaa kiasi gani, kabla hajauliza una rutuba kiasi gani.

Chokaa hujulikana kwa njia rahisi. Weka kijiko kimoja cha udongo mkavu katika kisahani, kisha udondoshee siki. Ukitoa povu na sauti ya kuchemka, chokaa ni nyingi. Mboga nyingi hustawi pale ambapo kipimo cha tindikali, yaani pH (namba ikipanda, tindikali imepungua), kiko kati ya 6 na 7, ilhali udongo wenye chokaa nyingi huwa kati ya 7.5 na 8.5. Katika hali hiyo madini ya chuma yaweza kuwamo udongoni na mizizi isiweze kuyachukua, na dalili yake ni majani machanga kuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ndimu na malimau huonyesha dalili hii mapema. Ni muhimu kuitofautisha na njaa ya naitrojeni, ambayo huanzia majani makuukuu ya chini, kwa sababu anayezichanganya hukimbilia mbolea ya dukani, na mbolea hiyo, ikizidi, huongeza chumvi mahali palipokwisha kuwa nayo. Majivu ya jikoni nayo yasitiwe katika udongo uliotoa povu, hata kama bibi na mama wa bara huyasifu kwa haki katika mashamba yao.

Baada ya hapo, chunguza udongo ulikotoka. Kifusi cha nyumba kuukuu, hata kikiwa laini na kinachovutia, ni plasta ya chokaa iliyosagika. Matope meusi ya mikokoni hudanganya zaidi, maana rangi yake ni ya udongo wenye rutuba, lakini yamejaa chumvi, na yakikaushwa hewani huweza kutoa tindikali kali inayochoma mizizi. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Ama mchanga wa vilima vya Shela, kijiji cha hapa kisiwani, huo usiguswe kabisa: vilima hivyo ndivyo vinavyonyonya mvua na kuhifadhi chini yake maji matamu ambayo mji unayategemea, na hakuna bustani ya nyumbani inayostahili kuharibu chanzo hicho. Udongo wa shambani kutoka bara, ukipatikana, ndio ninaoupendelea kuwa msingi wa mchanganyiko, mradi usiwe umechimbwa karibu na mikoko.

Udongo huo nao upimwe. Jaza theluthi moja ya chupa angavu, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie. Mchanga huzama katika muda wa dakika moja hivi, tope laini hufuata baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Ukiona karibu yote yamezama papo hapo, ujue udongo huo hautashika maji wala chakula cha mmea, na utahitaji samadi nyingi.

Kwa samadi, Lamu ina bahati ambayo miji mingi haina, kwa sababu punda wako kila kichochoro. Hata hivyo, samadi ya punda isitiwe ingali mbichi. Punda hacheui, kwa hiyo mbegu nyingi za magugu hupita tumboni mwake zikiwa hai, na samadi mbichi huchoma miche michanga. Ichambuliwe plastiki, ichanganywe na majani makavu, ilundikwe rundo la takriban mita moja kila upande, ilowe kiasi bila kutiririka, na ipinduliwe mara kwa mara. Rundo la ukubwa huo hupata joto la kufikia nyuzi 55 au zaidi, na joto hilo ndilo linaloua mbegu na vijidudu. Rundo dogo halifiki huko. Miezi miwili hadi mitatu inatosha kuifanya iwe nyeusi, iwe laini, na isiwe na harufu ya zizi. Ndiyo sababu kazi hii ianze Januari, wakati wa kaskazi, ili samadi iwe tayari mvua za masika zitakapoanza Machi na Aprili.

Miezi hiyo ya jua kali inafaa pia kwa kusafisha udongo wenye minyoo fundo, ambayo hupenda ardhi ya kichanga na kuivimbisha mizizi ya nyanya na bamia. Lowesha udongo, utandaze, uufunike kwa plastiki angavu iliyobanwa kingo zote, na uuache juani kwa wiki nne hadi sita.

Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa husaidia sana kushika unyevu, lakini ulizia historia yake. Makumbi yaliyozikwa pwani ili yasokotwe kamba yamelowa maji ya bahari kwa miezi, na yasipolowekwa na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji matamu, yataleta chumvi ile ile unayoikimbia. Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa vyombo ni madebe mawili ya udongo wa bara, debe moja la samadi iliyoiva na debe moja la makumbi yaliyosuuzwa.

Wanaotaka kupanda darini wafikirie uzito kabla ya kupandisha hata ndoo moja. Lita moja ya udongo uliolowa hufika kilo moja na nusu au kuzidi, kwa hiyo ndoo kumi za lita 20 ni zaidi ya kilo 300, na dari za nyumba za kale hubebwa na boriti za mikoko ambazo umri na mchwa huenda vimezidhoofisha bila kuonekana. Vyombo vipangwe kando ya kuta zinazobeba boriti, visirundikwe katikati, na fundi azikague boriti kwanza.

Maji nayo yana sehemu katika suala la udongo. Kisima kinachoacha ukoko mweupe ndani ya ndoo kitauacha pia katika chombo cha mmea. Maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika jabia au tangi ni bora. Anayelazimika kutumia kisima amwagilie kwa wingi hadi maji yatoke chini ya chombo, kwa maana kunyunyizia kidogo kidogo hukusanya chumvi juu ya mizizi. Matundu ya chini yawe ya kutosha.

Mwishowe, kabla ya kuhamisha miche, panda maharagwe machache katika kikombe cha mchanganyiko wako na mengine katika samadi iliyoiva iliyochanganywa na udongo unaouamini, kisha uyamwagilie maji ya mvua. Maharagwe ni miongoni mwa mimea isiyovumilia chumvi. Yakiota sawasawa na majani ya kwanza yakawa kijani bila kingo kuungua, mchanganyiko unafaa. Yakidumaa au kuungua, mwagilia mchanganyiko wote kwa maji matamu mara tatu au nne, uache utiririke, kisha urudie jaribio kabla ya kupoteza mche hata mmoja.