Somo: Kumpata mkuu wa uendeshaji, na wewe mwenyewe kukaa pembeni

Nina kiwanda cha mikate Tabata, Dar es Salaam: watu 43 na Kirikuu 6, yaani pikapu ndogo, za kusambaza. Kwa miaka 7 mkuu wa uendeshaji nilikuwa mimi, bila kujua kwamba hiyo ni kazi yenye jina lake. Mwaka jana nikaajiri mtu. Nawapa hatua nilizopita, pamoja na pale nilipoharibu.

Hatua ya 1: Andika simu zako

Kabla hujatangaza kazi, nunua daftari. Kwa wiki 2 andika kila simu unayopigiwa na inataka nini. Langu lilijaa mambo manne: mafuta ya gari, ngano, dereva ambaye hajafika, na duka linaloomba mkopo. Sikuona hata simu moja iliyomhitaji mwenye mali. Kisha yagawe mafungu matatu: atakayoamua mwenyewe, atakayoamua halafu akuarifu, na yatakayobaki yako. Ukurasa huo utunze, utaingia kwenye mkataba.

Kama daftari limejaa mambo ya vitabu na kodi, wewe tafuta mhasibu. Na kama mko watu 12, msimamizi mzuri wa zamu anatosha, uokoe mshahara.

Hatua ya 2: Msaili penye kazi

Niliita watatu, saa 10 alfajiri, wakati wa kupakia. Wa kwanza hakutokea. Wa pili alikuja na tai, akaongelea mifumo nusu saa nzima bila kugusa kreti. Wa tatu, dada aliyekuwa akiendesha depo ya vinywaji, alichuchumaa kwenye makreti ya mikate iliyorudi, akaminya mmoja, akamuuliza mpakiaji, "Hii imerudi kutoka njia ipi?" Kisha akanyanyuka. "Na ile Kirikuu inaunguruma tangu nifike. Inasubiri nini?"

Mpakiaji akaangalia chini. Inasubiri bosi asaini karatasi ya mafuta. Bosi nimesimama hapo hapo, kalamu mfukoni.

Huyo ndiye niliyemchukua. Ila kwanza niliwapigia waliofanya kazi chini yake, maana wakuu wa zamani husifia yeyote anayeondoka kwa amani. Niliuliza jambo moja: alipokwenda likizo, kazi ilikwendaje? Ukiambiwa depo ilisimama, mwache. Huyo anabeba kila kitu kichwani, nawe umeshachoshwa na kichwa cha namna hiyo, chako.

Hatua ya 3: Mkataba

Hapa napita haraka, muone mwanasheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya ajira yawe kwa maandishi, na kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo mpime mapema, usingoje mwezi wa nane ndipo uanze kununa.

Kinachobeba mkataba wenyewe ni kiwango cha fedha. Wangu anaidhinisha hadi shilingi milioni 2 bila kuniuliza. Mkuu wa uendeshaji anayeomba ruhusa ya kununua tairi ni karani tu.

Hatua ya 4: Funga mdomo

Hii ndiyo iliyonitoa jasho. Madereva walikuwa na namba yangu na mazoea ya miaka 7. Saa 5 usiku simu inaita: "Bosi, samahani, ile gari ya Mbagala..." Jibu ni moja: "Umeshampigia dada?" Halafu unakata. Mara ya kwanza nilikaa nimeishika simu kama robo saa.

Mwezi wa tatu nikateleza. Mwenye duka mmoja, mteja wangu tangu siku za kubeba mikate kwa baiskeli, alilalamika kwamba amekatiwa mkopo. Nikaagiza arudishiwe. Dada hakusema neno. Jumatatu iliyofuata alinisogezea karatasi yenye majina ya maduka 11, yote yamesikia na yote yanataka yarudishiwe mkopo kama mwenzao. Nilimwomba radhi, nikampigia yule mzee mwenye duka kumwambia uamuzi wa dada ndio unasimama. Bado ananinunia, ila mikate anachukua, kwa taslimu.

Sasa tunakutana Jumatatu saa 2 asubuhi, dakika 45, na namba tano: mikate iliyotoka, iliyorudi, magari yaliyoondoka kabla ya saa 11, madeni yaliyopita siku 14, na mafuta. Tukibishana, tunabishana humo ndani.

Maswali ya wanachama

Mkuu, asante kwa somo. Shemeji yangu kamaliza chuo, digrii ya biashara. Si nimpe yeye?

Kaka, jiulize kama unaweza kumfukuza Ijumaa na Jumapili ukala pilau ukweni. Kama unaweza, mpe.

Gharama yake ikoje zaidi ya mshahara?

Hesabu mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, na huruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Ongeza WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na tozo ya ufundi stadi kama mmefika idadi inayotakiwa. Wangu ana bonasi pia, nimeifunga kwenye kupungua kwa mikate inayorudi. Usiifunge kwenye mauzo, atajaza maduka mikate ambayo kesho itakurudia imeota ukungu.

Akiniibia je? Mali yote iko mkononi mwake.

Anayeagiza ngano asiipokee, anayepokea asilipe. Na mhasibu aripoti kwako, asiripoti kwake. Hili nilimwambia siku ya kwanza, akasema kama nisingeweka hivyo angeniomba niweke.

Akishajua kila kitu si ataniondoa kwenye kampuni yangu?

Hisa ni zako, dada yangu, atakuondoaje? Ila huenda ukamwachia mwenyewe. Tim Cook aliingia Apple mwaka 1998 kushika mambo ya uendeshaji, akapunguza mali iliyokuwa imelala maghalani, akawa mkuu wa uendeshaji mwaka 2005. Mwaka 2011 mkuu wa Apple, Steve Jobs, alipojiuzulu, kiti alikabidhiwa yeye.

Sasa wewe saa 10 alfajiri unafanya nini?

Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa naamka vilevile, nakaa sebuleni na simu. Siku hizi nalala hadi saa 12, na mchana nazunguka shule za bweni kutafuta zabuni. Nimepata mbili. Dada anasema ya tatu nisikubali hadi tununue oveni nyingine, na fungu hilo kwenye daftari ni lake.