Mwenye leseni asiyeendesha: namna ya kumweka kwenye bima ya gari mkiwa Texas

Mtu aliyewahi kukata bima ya gari Dar es Salaam au Mombasa amezoea kuulizwa habari za gari lenyewe: thamani yake, mwaka lilipotengenezwa, kama ni la binafsi au la biashara, na kama anataka bima ndogo au bima kubwa. Akihamia Houston au Dallas, wakala wa bima humwuliza pia habari za nyumba yake: ni akina nani wanaoishi hapo, na ni wangapi kati yao wenye leseni. Wengi wetu humtaja anayeendesha peke yake, tukiamini kwamba bibi ambaye hajashika usukani kwa miaka minane hahusiki. Anahusika, na kumwacha nje ya fomu kunaweza kuigharimu familia nzima siku ya ajali.

Jirani uliyemwazima gari mara moja kwa kawaida hulindwa na bima yako, lakini mtu anayelala nyumba moja na wewe huhesabiwa kuwa anaweza kuchukua funguo siku yoyote, na ada ya bima hukadiriwa kwa kuzingatia uwezekano huo. Leseni yake ina anwani yenu, hivyo kampuni inaweza kuliona jina lake kwenye kumbukumbu za madereva hata usipolitaja. Ikigundua, inaweza kukupandishia ada, kukataa kuihuisha bima yako au, jambo zito zaidi, kupinga madai yako kwa hoja kwamba ulificha maelezo ya msingi.

Kabla ya kumpigia wakala simu, kaa na familia mwandike majina ya wote waliofikia umri wa kuendesha, akiwemo binamu aliyekuja kupanga chumba na kijana mwenye leseni ya mwanafunzi. Kwa kila mmoja andikeni tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, na kama ana bima yake mahali pengine. Yaandikeni majina kama yalivyo kwenye leseni, herufi kwa herufi. Nalisisitiza hili kwa sababu majina yetu matatu, la mtu, la baba na la babu, hupangwa kwa namna tofauti katika kila ofisi, na mtu mmoja anaweza kuonekana kwenye kumbukumbu kama watu wawili.

Baada ya hapo mtachagua moja kati ya njia tatu. Ya kwanza ni kumwandikisha kama dereva wa kawaida, ada yake ikajumlishwa, naye akawa huru kuendesha. Ya pili ni kumtaja kama mkazi wa nyumba bila kumtoza. Kampuni nyingi huikubali njia hii iwapo ana bima yake mwenyewe, kwa hiyo atoe nakala ya ukurasa wa muhtasari wa bima hiyo, au iwapo amerudisha leseni akachukua kitambulisho cha jimbo. Mzee aliyeamua kwa hiari yake kwamba hataendesha tena hufaidika na njia hii, ila uamuzi uwe wake, usiwe wa watoto wanaotafuta nafuu ya ada.

Njia ya tatu ni kumwondoa kwa jina, na hapa ndipo ninapowasihi msisaini kwa haraka. Texas ina fomu yake kwa jambo hili, inayojulikana kwa namba 515A. Ukiisaini, unakubali kwamba mtu huyo akiendesha gari lako, kampuni haitalipa madhara yatakayotokea. Sheria ya jimbo inadai kinga isiyopungua dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, dola 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja na dola 25,000 kwa mali iliyoharibiwa. Aliyeondolewa akishika usukani, hata kiwango hicho cha chini hakipo. Fomu hiyo huondoa pia, kwa safari hiyo, fidia dhidi ya dereva asiye na bima na malipo ya matibabu ya waliokuwa ndani ya gari.

Fikiria usiku ambapo baba mwenye nyumba anashikwa na maumivu ya kifua, na mkewe aliyeondolewa kwenye bima anaamua kumkimbiza hospitali. Dharura haiifuti fomu. Akigonga gari la mtu njiani, familia inaweza kudaiwa kutoka mfukoni mwake, na hata akiba ya nyumba ikaguswa. Ndiyo maana, kwa mtu mwenye rekodi safi asiyeendesha tu kwa kukosa sababu, mwombe wakala bei zote mbili, akiwemo na akiondolewa, mkaipime tofauti hiyo kwa mwezi kabla ya kutia saini. Kumwondoa kunaeleweka zaidi kwa mtu ambaye rekodi yake ya ajali au ulevi imeipandisha ada kiasi cha kushindwa kulipika.

Mtoto anayesoma chuo cha mbali bila gari aendelee kutajwa, ila ulizeni punguzo la mwanafunzi wa mbali, ambalo mara nyingi hutolewa chuo kikiwa zaidi ya maili 100 kutoka nyumbani. Mzazi aliyekuja kutembea kwa miezi kadhaa naye ajulishwe kwa wakala, hasa akiwa na leseni ya nyumbani. Wanaoishi majimbo mengine waulize upya, kwa kuwa baadhi ya majimbo huibana njia ya kumwondoa mtu kwa jina au huikataa.

Mkataba ukifika, fungueni ukurasa wa muhtasari mtazame kila jina limewekwa katika kundi gani, kwa maana ahadi ya simu haitoshi. Kampuni ikikataa kusahihisha kosa, malalamiko hupelekwa Idara ya Bima ya Texas. Na iwapo aliyeondolewa anataka kuanza kuendesha, asipewe funguo mpaka mpokee maandishi yanayoonyesha kwamba amerudishwa na tarehe ambayo kinga yake inaanza.